Sendo zilizonifia mtoni Engare Sero

Mwaka juzi tulitoka Moshi watu watano na gari ya kukodi, tukalala Mto wa Mbu, asubuhi tukapiga ile barabara ya vumbi ya Engaruka mpaka Engare Sero kule Ziwa Natron, mlima Oldoinyo Lengai umesimama pembeni kama mtu anayekudai. Safari yenyewe ilikuwa ya kuona maporomoko. Kama hujawahi kufika, usifikirie kuna kinjia cha kutembea huku unauangalia mto kwa pembeni, njia yenyewe ndo mto. Unaingia kwenye korongo, unavuka maji huku, unavuka tena kule, sehemu ingine yanaishia kwenye kifundo, ingine yanakupanda mapajani, chini ni mawe ya mviringo yenye utelezi wa kijani, halafu ukitoka majini unakanyaga mchanga mweusi ambao saa sita mchana unaunguza kama kikaango. Ukivaa buti unabeba ndoo mbili za maji miguuni. Ukivaa malapa mto unayachukua. Kwa hiyo pale ndo kwao sendo, zile za michezo, za mikanda na velkro na soli yenye meno.

Na mi nilikuwa nazo bwana! Nilizinunua Memorial, lile soko la mitumba la Moshi, miezi miwili kabla, jamaa alianza na elfu 50 tukamalizana 35, akaniambia kaka hizi ni za wazungu wa milimani utamrithisha mtoto. Kiukweli hata mi niliamini, maana zilikuwa kama mpya, meno ya soli hayajalika kabisa, mikanda haina hata uzi uliochomoka. Nikazivaa vaa mtaani, nikaenda nazo kanisani Jumapili moja nikasemwa na mama, nikaona ziko poa, laini, mguu umetulia.

Sasa tuko katikati ya korongo nasikia mguu wa kulia unapiga paka, paka, paka. Naangalia, soli ya chini imeachia kuanzia kisiginoni inaning'inia kama ulimi wa mbwa. Nikajua gundi tu. Nikainama nikabonyeza ile sehemu ya katikati, dah, inamong'onyoka, yaani kama keki iliyokaa wiki mbili, vipande vinabaki mkononi na vingine vinaondoka na maji. Hata dakika kumi hazijapita na ya kushoto ikafuata, kama vile walikubaliana. Wenzangu wakacheka mpaka mmoja akakaa majini.

Mtu mmoja tu ndo hakucheka, kijana wa Kimaasai aliyekuwa anatuongoza, ambaye miguuni alikuwa na katambuga, zile sendo za tairi. Aliangalia sendo zangu, akakunjua ule mpira wa tyubu aliokuwa ameuzungushia kwenye fimbo yake, akaukata vipande viwili, akanifunga soli kama mtu anayefunga kidonda. Tukafika kwenye maporomoko. Kurudi ndo ikawa kazi, mpira wa mguu mmoja ukakatika kwenye jiwe, soli ikaenda zake, nikabaki natembea juu ya kile kipande cha juu chembamba na pale kwenye kutoka korongoni kuna migunga, mwiba ukapita kwenye sponji kama sindano kwenye siagi ukaja kunisalimia kisiginoni. Tukautoa na pini.

Nikamuuliza yule kijana, ero, hizo katambuga zako zina muda gani? Akafikiria, akasema alizinunua mnadani ule mwaka ng'ombe wengi walikufa kwa ukame, tangu hapo amebadilisha mikanda tu. Sikumuuliza ukame upi, niliona aibu kuendelea.

Jioni tukapelekwa kuona zile nyayo za kale, kama unapita huko usiziache, ni zaidi ya 400, nyayo za watu waliopita juu ya majivu ya volkano maelfu ya miaka iliyopita, majivu yakawa jiwe. Vidole vyote unaviona, wote peku. Mi nasimama pale na kisigino kimefungwa leso.

Jumatatu nikazipeleka kwa fundi wangu, mzee anakaa chini ya mjakaranda na msharasi wake na kopo la gundi na redio. Shikamoo mzee. Marahaba, umeniletea maiti? Akachukua ile ya kulia, akaisugua kwa kidole gumba, ikatoka unga. Akasema maneno ambayo nimeyarudia kwa kila mtu tangu siku hiyo: hii haijafa kwa kutembea, imekufa kwa kukaa.

Nilidhani ananipiga porojo, nikaenda kusoma, kumbe mzee yuko sahihi kabisa. Viatu vingi vya mlimani na baadhi ya sendo katikati yake, kati ya pale unapokanyaga na ile raba ya chini, kuna tabaka la plastiki laini inaitwa poliyurethani. Ni nzuri sana kwa mguu, inabeba uzito, haibonyei ovyo. Ila ina adui mmoja, unyevu. Unyevu wa hewani tu unaingia taratibu unakata kata zile nyuzi za kemikali zinazoshikilia plastiki, na joto likiwepo kazi inakwenda haraka zaidi. Kinachochekesha ni kwamba kiatu kinachovaliwa mara kwa mara kina nafuu, kile kilichofungiwa kabatini ndo kinaoza, kwa nje kinang'aa na ndani ni unga mtupu. Sasa fikiria safari ya sendo ya mtumba, imekaa kwenye boksi kwa mtu Ulaya miaka sijui mingapi, ikatolewa msaada, ikakaa ghala, ikapanda kontena, ikasafiri baharini kwenye joto na unyevu, ikashushwa, ikakaa tena kwenye gunia, halafu mi naiona Memorial nasema mwangalie hii haijavaliwa kabisa! Ndo maana haijavaliwa sasa, imekuwa inakufa muda wote huo.

Tangu hapo nikienda kuchagua sendo za mtumba siangalii meno ya soli. Nazikunja kwa nguvu, kidole kinakutana na kisigino, nikisikia mkwaruzo au nikiona vijinyufa vya kama mto uliokauka pembeni ya tabaka la katikati naziacha hata ziwe nzuri vipi. Halafu nabonyeza kwa kucha, kama kucha inabaki na unga au kunanata nata, kwaheri. Wauzaji hawapendi, mmoja aliniuliza kama nanunua viatu au nakagua nyanya.

Kuna zile zingine ambazo katikati ni sponji ya EVA, nyepesi, ndo nyingi kwenye sendo za bei ya kawaida. Hizo haziozi kwa staili hii, zenyewe ugonjwa wake ni kubonyea. Mwezi wa kwanza unatembea kama uko kwenye godoro, mwezi wa sita kisigino kimechimba shimo lake, mwaka ukiisha ni chapati. Na mwiba wa mgunga haumjui EVA wala nani, unapita tu, tena unakatikia mule ndani unakuja kukuchoma wiki ijayo ukiwa sokoni.

Hizi sendo zenyewe hazikuanza kama kitu cha fasheni. Jamaa mmoja Mmarekani, Mark Thatcher, alikuwa anaongoza watu kwenye maboti mto Colorado, kule Grand Canyon, mwaka 1984 akachoka na malapa yanayochukuliwa na maji, akaweka mkanda wa velkro unaoshika nyuma ya kifundo. Ndo Teva hiyo. Yaani ni malapa yaliyofungwa kamba! Miaka mitano baadaye, kwenye jimbo la Colorado, wakaja Chaco, wao mkanda wao ni mmoja mrefu unaopita ndani ya soli unatokea upande wa pili, unauvuta unakaza, na ukichakaa unaweza kuwekwa mwingine. Hilo la mkanda kupita ndani mi naliona kubwa kuliko mengine yote, kwa sababu kwenye sendo za kawaida mkanda umechomekwa kati ya tabaka mbili ukashikwa na gundi basi, na pale ndo pa kwanza kung'oka.

Na soli je? Ile raba yenye meno tunayoiona kwenye buti za mlimani, Vibram, ilibuniwa na Mtaliano Vitale Bramani baada ya marafiki zake sita kufia milimani mwaka 1935 wakiwa na viatu visivyofaa, na mwaka 1937 alipoanza kuitengeneza hela ilitoka kwa wenye Pirelli. Pirelli wa matairi! Niliposoma hapo nikacheka peke yangu, maana Bramani alipita kwa wenye tairi ndo akapata soli, sisi tumekata tairi lenyewe tukavaa.

Basi nikasema ngoja na mi nijaribu katambuga. Nikanunua soko la Mbuyuni, elfu 12. Mzee akanipa somo kabla, chukua tairi ya nailoni usichukue yenye waya, ikilika waya zinachomoza zitakukata, na kagua misumari kwa ndani kwa kupitisha kiganja. Nilizivaa miezi mitatu, na nisiwadanganye, wiki ya kwanza nilijuta. Zina uzito, hazikunjiki, zinapiga kisigino ko ko ko mpaka unausikia kwenye magoti, mkanda wa mpira ulinitoa malengelenge pembeni ya kidole kidogo, na jua likiwaka mpira unakusanya joto lote. Baadaye mguu ukazoea, au sijui ngozi ilikufa, magaga ndo usiseme. Miba nilisahau kabisa kama ipo duniani.

Ila ziliniangusha, kweli kweli yaani siyo kwa lugha ya picha. Mi wikiendi huwa napandisha wageni Materuni, kijiji cha huku Kilimanjaro, kwenye maporomoko, na njia ile mvua ikinyesha ni sabuni, udongo mwekundu na mizizi na mawe yaliyolowa. Tairi lililolika meno lina raba ngumu, kwenye jiwe lenye maji halishiki. Nikaserereka toka juu mpaka kwenye mgomba wa mtu, mbele ya wageni sita, bibi mwenye shamba akatoka akaniambia pole mwanangu halafu akaingia ndani kucheka.

Kwa hiyo nilirudi kwa mzee nikiwa na wazo, yeye ndo alilikamilisha. Nikanunua sendo mpya za dukani za EVA, hazina jina lolote la maana, mikanda ya poliyesta, nilimwagia maji pale pale dukani nione kama inalegea maana ya nailoni ikilowa inanyonya maji inarefuka, ukivuka mto mara tatu mguu unaogelea ndani ya sendo. Nilizijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba na kutwa nzima, na nikahakikisha vidole havining'inii nje, maana kidole kikigonga mzizi wa parachichi utaongea lugha za mababu. Mzee akabandua ile raba ya chini, akapiga msasa pande zote mbili, akapaka gundi. Halafu akakaa. Nikamwambia mzee bandika, akasema we una haraka ya wapi, gundi ukiibandika mbichi inakudanganya, acha ikauke mpaka ukigusa haikushiki kidole ndo uibandike na nyundo. Tulikaa kama robo saa tukisikiliza taarifa ya habari. Akabandika kipande cha tairi ya pikipiki, nyembamba, inakunjika, haina waya, meno bado makali. Mwisho akashona pembeni yote kwa uzi wa nailoni, akichonga kwanza kamfereji chini ili uzi ukae ndani usilike na mawe. Mikanda nayo akaipigia uzi pale inapoingia kwenye soli. Elfu nane.

Zimefika mwezi wa nane sasa. Ni mbaya kwa sura, sitaki kubishana na mtu kwenye hilo, mke wangu anaziita bajaji. Zimeongezeka uzito kidogo, sponji ya kisigino imeanza kubonyea kama nilivyotegemea, na velkro ikishiba matope haishiki, inabidi nikae na mswaki wa zamani nichokonoe nyasi na nywele sijui za nani. Siziachi juani wala karibu na moto baada ya kuosha, joto linalegeza gundi, nazianika kivulini mlangoni na hakuna wa kuziiba.

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha, nikapanda Materuni mapema peke yangu kuangalia njia kabla ya wageni. Nimeshuka nakutana na watoto wawili wa shule wameinama kwenye tope, wanafuata alama. Mkubwa akaniuliza, shikamoo, umeona boda imepita huku? Nikamwambia marahaba, hapana. Akaangalia tena chini, akamwambia mwenzake, sasa mbona ina tairi mbili za mbele.