Kutoka La Madeleine hadi Makaburi ya Passy

Asubuhi moja ya Novemba niliingia katika kanisa la La Madeleine, Paris, nikiwa mwalimu wa kwaya aliyetamani kwa miaka mingi kupaona mahali ambapo Misa ya Wafu ya mtunzi Mfaransa Gabriel Fauré iliimbwa kwa mara ya kwanza, Januari 1888. Nje limezungukwa na nguzo 52 kubwa; ndani mwanga hushuka kutoka kwenye kuba tu, hivyo macho yangu yalichukua muda kuizoea giza. Nilipogeuka kuelekea mlangoni, nikakiona juu yangu kinanda cha mabomba kilichojengwa na Cavaillé-Coll.

Fauré, mzaliwa wa Pamiers kusini mwa Ufaransa, aliyeletwa Paris kusomea muziki akiwa na miaka 9 tu, aliongoza kwaya hapa kabla ya kuwa mpigaji wa kinanda hicho mwaka 1896. Mwaka huohuo alianza kufundisha utunzi katika Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris, ambako wanamuziki kama Maurice Ravel na Nadia Boulanger walipitia mikononi mwake, na mwaka 1905 akakabidhiwa uongozi wa chuo chenyewe. Kwa shughuli hizo zote, tungo zake mwenyewe zilisubiri likizo za kiangazi. Kila ninapoyakumbuka hayo namheshimu zaidi, maana Misa ile haina haraka hata kidogo: karibu maneno yote ya Siku ya Ghadhabu, wimbo wa misa ya wafu unaotisha kwa hukumu ya mwisho, ameyaacha, na mwishoni sauti za soprano zinamsindikiza marehemu peponi taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Nilipanda metro, nikabadilisha treni La Motte-Picquet, na baada ya kuvuka mto Seine juu ya daraja nikashuka Trocadéro, hatua chache kutoka makaburi ya Passy. Huko ndiko alikozikwa Fauré. Miaka yake ya mwisho masikio yalimsaliti vibaya: noti za chini alizisikia zimepanda, za juu zimeshuka, na bado aliimaliza kwateti yake ya nyuzi, yaani utunzi wa ala nne za nyuzi, mwaka uleule aliofariki, 1924. Katika mazishi yake pale La Madeleine waliimba Misa yake hiyohiyo.

Niliweka kiganja juu ya jiwe, lilikuwa baridi na lina unyevu wa mvua ya usiku, nikaanza polepole mstari wa soprano wa “In Paradisum”, ile sehemu ya mwisho ya Misa yake, nikauimba hadi mwisho.