Bitcoin au dhahabu: uliza kwanza inapoteaje

Wengi wakilinganisha bitcoin, yaani sarafu ya kidijitali, na dhahabu huanzia kwenye bei. Kwa anayeweka akiba ya miaka 10 au 20, mimi nashauri aanze kwa kuuliza kila moja inapoteaje.

Dhahabu huanza kukupunguka siku ile ile unayoinunua. Ukinunua mkufu unalipia na ufundi, lakini siku ya kuuza sonara anakulipa uzito tu, tena wa dhahabu iliyomo: karati 18 ni asilimia 75. Kwa akiba chukua kipande cha 999.9, yaani dhahabu takriban tupu, na uulize bei ya kununua na ya kuuza kwa wakati mmoja. Pengo lake ndilo hasara yako ya kwanza, na kwenye kipande cha gramu 1 huwa kubwa, kwa uwiano, kuliko kwenye cha gramu 50.

Kisha kipime kama ni dhahabu kweli. Weka glasi ya maji juu ya mizani inayosoma gramu 0.01, irudishe kwenye sifuri, ning'iniza kipande kwa uzi kizame bila kugusa glasi. Kipande cha gramu 100 kisomeke karibu 5.18. Cha risasi kilichopakwa dhahabu kitasoma karibu 8.8. Tungsteni ndiyo hatari, maana uzito wake kwa ukubwa ule ule unakaribiana mno na wa dhahabu na kipimo hiki hakiikamati. Hapo panahitajika kifaa cha mawimbi ya sauti.

Bitcoin haighushiwi hivyo. Inapotea ukipoteza au ukiibiwa maneno 12 au 24 ya kurejesha pochi, yaani programu au kifaa kinachotunza funguo za bitcoin zako. Yaandike kwenye karatasi kwa mpangilio wake, usiyapige picha, nakala ya pili iwe jengo jingine. Halafu fanya jambo ambalo wengi hulikwepa: weka kiasi kidogo, futa pochi yote, irejeshe kwa maneno yale. Ikigoma, umegundua mapema. Unapotuma, soma anwani nzima ya pochi ya mpokeaji, kwa sababu vipo virusi vya kompyuta vinavyobadilisha anwani uliyonakili. Wala usiziache sarafu kwenye soko la mtandaoni. Soko moja kama hilo, FTX, lilipoanguka Novemba 2022, wenye sarafu waligeuka wadai mahakamani.

Bei nazo zina subira yake. Bitcoin ilikaribia dola 69,000 Novemba 2021, mwaka uliofuata ikashuka chini ya 16,000. Dhahabu iligusa dola 850 kwa aunsi Januari 1980 na haikurudi hapo hadi 2008, kwa hiyo anayeiita salama daima hajaitazama vizuri. Hata hivyo, akiba ambayo lazima iwepo ningeiweka kwenye dhahabu, na kwenye bitcoin kile tu ambacho kikibaki robo hutalazimika kukiuza.

Mwisho, mrithi. Kipande cha dhahabu atakikuta kabatini. Bitcoin hataiona asipojua kwamba ipo, maneno yako wapi, na ni pochi ya aina gani. Mwandikie hayo leo, mbali na maneno yenyewe.