Siku Tume ya Katiba Ilipofika Kijijini Kwetu

Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Tanzania, ile iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba kukusanya maoni ya wananchi, ilifika kijijini kwetu mwaka 2012. Tulikusanyika uwanja wa shule ya msingi. Kila aliyetaka kusema alipewa kipaza sauti na dakika chache; asiyependa kusimama mbele za watu alijaza fomu. Wajumbe hawakubishana na mtu. Walisikiliza, wakaandika.

Waliotangulia walirudia yaleyale: Muungano uwe na serikali mbili, yaani ya Muungano na ya Zanzibar, au tatu, kwa kuongeza ya Tanganyika. Baadhi walisoma vikaratasi, na ilionekana wazi wamepewa cha kusema. Iliniuma, maana nafasi kama ile wazazi wetu hawakuipata Katiba ya 1977 ilipotungwa.

Kisha akasimama mama mmoja, mkulima, akaanza kulalamikia maji. Watu wakaguna. Mmoja akapaza sauti, "Mama, hayo si ya Katiba!"

Mjumbe aliyeongoza mkutano akawatuliza. "Mwacheni mama aseme."

Naye akaendelea: "Mbunge alituahidi kisima. Tangu tumpe kura hatujamwona. Ninachotaka kiandikwe ni hiki: akitushinda tumtoe, tusingoje miaka mitano."

Makofi yakalipuka. Mimi nilikuwa nimeandaa hoja ya kupunguza madaraka ya Rais. Zamu yangu ilipofika niliisema, ila kwanza niliunga mkono ya yule mama. Hakuwa amesoma Katiba hata ukurasa mmoja, lakini aliona mahali inapombana, na hilo kwangu ndilo linalompa mwananchi haki ya kupendekeza.

Juni 2013 rasimu ya kwanza ikatoka. Nilipopata nakala nilikimbilia sehemu ya Bunge. Pendekezo la yule mama lilikuwemo! Wapiga kura wangeweza kumwondoa mbunge kabla ya muda wake, na ubunge ungekoma baada ya vipindi vitatu. Najua wengi nchini walitoa maoni kama hayo. Hata hivyo nilimpelekea nakala nyumbani kwake nikamsomea, akaniambia, "Hebu rudia, mwanangu."

Oktoba 2014 Bunge Maalumu la Katiba lilipitisha Katiba Inayopendekezwa. Pendekezo lile lilikuwa limeondolewa, pamoja na muundo wa serikali tatu uliokuwa kwenye rasimu. Kura ya Maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 nayo ikaahirishwa, hatukuipiga. Mchakato ukifufuliwa, nadai uanzie kwenye rasimu ya Tume, yenye maoni yetu, na kila watakachokiondoa watueleze sababu hadharani, uwanjani palepale walipotuuliza.