Ng'ombe Aliyegoma Kusomeka

Mwaka 2012 mimi na mwenzangu tulikuwa tumetengeneza lugha ndogo ya programu kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, maneno yake yote ya Kiswahili: kama, sivyo, wakati, andika. Yeye aliandika leksa, mimi nikaandika kichanganuzi. Leksa ndiyo inayopokea faili kama mlolongo wa herufi tupu na kuzikusanya kuwa tokeni: hii namba, hili jina, hii alama ya kujumlisha. Kichanganuzi hakigusi herufi hata moja, kinaletewa tokeni zilizokwisha kupangwa na kuangalia kama zinafuata sarufi ya lugha.

Leksa ya mwenzangu ilikuwa safi. Ilisoma faili kwa getc, fanksheni ya lugha ya C inayosoma herufi moja moja, na iliyozidi ikairudisha kwa mwenzake, ungetc. Ukisoma bei=500 huwezi kujua kwamba jina limekwisha mpaka umeshaikamata alama ya sawasawa, kwa hiyo huna budi kuirudisha ili isomwe upya kama tokeni yake yenyewe. Hata mtego wa getc alikuwa ameukwepa. Jibu lake alilihifadhi kwenye int, nafasi ya namba kubwa, si kwenye char, nafasi ya baiti moja tu, kwa sababu baiti ina thamani 256 na zote zinaweza kutokea ndani ya faili, hivyo ishara ya mwisho wa faili lazima iwe kitu kilicho nje ya hizo. Wengi huumia hapo.

Jumamosi moja tukaipeleka kwenye shule ya sekondari mkoani Shinyanga. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine chache za zamani, wanafunzi watatu watatu kwa kila kibodi. Tuliwaambia waandike programu ya kuhesabu kitu chochote cha nyumbani kwao. Sasa mwambie mtoto wa Usukumani ahesabu kitu cha nyumbani kwao, unatarajia ahesabu nini?

"Mwalimu," binti mmoja aliniita, "mbona inasema maneno hayajafungwa? Mimi sijafungua kitu."

Mstari wake wa kwanza ulisomeka ng'ombe = 12. Katika lugha yetu maneno ya kuonyeshwa kwenye skrini yalifungwa kwa ritifaa (') moja kila upande. Leksa ilisoma ng ikaona ni jina, ikafika kwenye ritifaa ikadhani maneno yameanza, ikaendelea kumeza ombe = 12 mpaka mwisho wa mstari ikitafuta ritifaa ya kufungia. Binti alikuwa sahihi kabisa: hakufungua kitu.

Mwenzangu akaninong'oneza, "Kaka, tuwaambie waandike ngombe tu. Si ndivyo wanavyoandika kwenye meseji?"

Nilikataa, na mpaka leo ningekataa. Huwezi kumletea mtoto lugha ya programu ya Kiswahili halafu umwambie aandike Kiswahili ambacho mwalimu wake wa darasa la tatu angekikata kwa kalamu nyekundu. Tukavuta viti nyuma ya chumba, tukafungua leksa.

Kanuni ilikuja haraka. Ukiwa katikati ya jina, ukakutana na ritifaa, na herufi mbili zilizotangulia ni n na g, na inayofuata ni irabu, basi ritifaa hiyo ni sehemu ya jina. Ugumu ulikuwa kwenye kusoma. Ili kuijua hiyo irabu lazima upite ritifaa kwanza, na kama kanuni haikutimia urudishe zote mbili, wakati C inakuhakikishia kurudisha herufi moja tu. Tukaachana na getc. Tukasoma faili zima kwenye kumbukumbu, maana programu za wanafunzi hazikufika hata kilobaiti mbili, kisha tukaandika fanksheni mbili fupi: chungulia, inayokuonyesha herufi iliyo mbele kwa hatua unazotaka bila kusogea, na songa, inayosogea.

Tulipojaribu, ng'ombe wa binti akasomeka. Wa kijana wa mashine ya jirani akakataa. Kwenye skrini walifanana kama mapacha. Yeye alikuwa ameiandika programu yake mjini, kwenye programu ya kuandikia barua, akaja nayo kwenye flashi. Tulichapa baiti zake kama namba:

110 103 226 128 153 111 109 98 101

Ritifaa ya kibodi ni 39. Hiyo 226 128 153 ni ritifaa iliyopinda, baiti tatu kwa alama moja katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi maandishi kama namba, ambayo programu za barua huiweka zenyewe ili maandishi yapendeze. Tukaamua songa na chungulia ndizo zishughulike na uchafu wote wa nje: ritifaa iliyopinda igeuzwe 39, ile 13 ambayo Windows huiweka kabla ya 10, ishara ya mstari mpya, mwisho wa kila mstari itupwe, na zile 239 187 191 ambazo baadhi ya vihariri huzificha mwanzoni mwa faili zirukwe. Leksa yenyewe isijue lolote kati ya hayo. Nafikiri huo ndio uamuzi pekee wa siku ile ninaoweza kujivunia.

Baada ya chai binti akafika kwenye mstari wake wa mwisho: andika 'Ng'ombe wa baba'. Mwenzangu akaniangalia, akacheka kwa uchovu.

Tungeweza kuipeleka kanuni ileile ndani ya maneno, lakini tulikuwa tumeshaanza kuziba viraka. Tukaiondoa ritifaa kwenye kazi ya kufunga maneno, tukatumia alama mbili za kunukuu. Karatasi za mifano tulizokuwa tumezigawa asubuhi zilikuwa na ritifaa kila mahali, kwa hiyo darasa zima likakaa na kalamu kusahihisha mifano yetu, na walifurahia kazi hiyo kuliko ilivyostahili.

Tukiwa tunafunga mashine, kijana mwingine akauliza kwa nini jina la ukoo wake linakataliwa. Aliandika Ng'wandu. W si irabu. Kwa kuwa ritifaa sasa haikuwa na kazi nyingine, mwenzangu alifuta neno "irabu" kwenye kanuni akaweka "herufi yoyote", akakompaili upya huku mlinzi amesimama mlangoni na funguo.