Shilingi 26 kwa Kila Kilo

Chama chetu cha akina mama hapa Kisumu kina daftari ambalo mimi, kwa kuwa ni mweka hazina, hulihifadhi kabatini pamoja na vyeti vya watoto. Kila mwisho wa mwezi tunachanga fedha, tunanunua unga, mafuta, sukari na mchele kwa bei ya jumla, kisha tunagawana kwa mizani sebuleni kwangu. Kwa hiyo, ingawa sikusomea uchumi, ninayo historia ya bei ya mchele niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na juzi nilipoipitia niliona kwamba safu ya mchele ndiyo iliyokatwa na kuandikwa upya mara nyingi kuliko nyingine zote.

Mwanzoni mwa 2021 mchele wa Pakistani, ule wa punje ndefu usio na harufu ya pishori (mchele wetu wa kunukia), tuliupata kwa takriban shilingi 100 kwa kilo. Mwisho wa 2023 ulikuwa umepita 150. Katika muda huo huo gunia letu la kilo 50 liligeuka kuwa mfuko wa kilo 25, na wanachama wawili waliomba majina yao yaondolewe kwenye safu hiyo hadi hali itakapotulia. Hawakuacha kula wali. Walichoacha ni kuununua mchele kwa jumla, kwa maana fedha za kilo tano kwa mkupuo hazikupatikana tena, wakarudi kununua nusu kilo kwa mwenye kibanda, ambako kilo moja hatimaye humgharimu mnunuzi zaidi ya ile tunayopima sisi. Anayekosa fedha za kutosha kununua kingi ndiye anayelipa bei ya juu zaidi.

Mtu asiyeishi kwetu anaweza kushangaa kwamba mchele unatutaabisha kiasi hiki, kwa kuwa Kisumu inajulikana kwa ugali na samaki. Ni kweli kwamba mzee wa nyumba hatakuambia amekula ikiwa hakuona ugali. Lakini nyumba yenye watoto watatu wa shule na mama anayerudi kazini saa moja jioni haipikiwi kwa mila peke yake. Githeri hula makaa kwa saa nyingi, maharagwe hayana haraka, ilhali wali huiva kwa muda wa nusu saa na supu ya jana inautosha. Ndiyo sababu bei ya mchele inapopanda hatuukimbilii uji wa mtama kama washauri wa lishe wanavyotamani. Tunapunguza kipimo, tunahamia chenga, na wengine huchanganya gorogoro moja ya pishori na mbili za mchele wa bei nafuu ili angalau harufu ifike mezani. (Wapo wafanyabiashara wanaofanya mchanganyiko huo huo bila kumwambia mnunuzi, kisha wakauandika mfuko mzima kuwa pishori safi ya Mwea. Tofauti ni kwamba sisi hujidanganya wenyewe, na kwa hiari.)

Sababu za kupanda kwa bei hazikuanzia hapa. Septemba 2022 India ilipiga marufuku uuzaji wa chenga za mchele nje ya nchi, na tarehe 20 Julai 2023 ikaongeza mchele mweupe usio basmati katika marufuku hiyo. India peke yake huuza takriban asilimia 40 ya mchele unaofanyiwa biashara duniani. Kenya hununua zaidi Pakistani kuliko India, na jirani yangu aliwahi kuniuliza inakuwaje basi India ifunge mlango nasi tuumie. Jibu ni kwamba wale wote waliozoea kununua India walikimbilia Pakistani, Thailand na Vietnam, wakatukuta tukiwa kwenye foleni ile ile na shilingi iliyodhoofika mkononi. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa kama shilingi 110, na mwanzoni mwa 2024 ikafika kama 160. Tani ya mchele ya dola 500 ilitoka shilingi 55,000 hadi 80,000 hata kama mkulima wa Punjab hakuongeza senti moja. Hizo ni shilingi 25 kwa kila kilo zilizotokana na sarafu tu.

Juu ya hayo kuna ushuru, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeuweka mchele miongoni mwa bidhaa nyeti: ushuru wake wa pamoja kwa mchele wa kutoka nje ya Jumuiya ni asilimia 75 ya thamani au dola 345 kwa tani, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa. Kenya, ambayo haijitoshelezi, imekuwa ikiruhusiwa kutoza asilimia 35 au dola 200 kwa tani, tena kwa kufuata kiasi kilicho kikubwa. Nafuu hiyo haitenganiki na majani ya chai, kwa sababu Pakistani ndiyo mnunuzi mkuu wa chai yetu, na serikali haina hamu ya kumkasirisha mteja wa Kericho na Nandi kwa ajili ya mkulima wa mpunga wa Kano.

Watu wengi hutaja ile asilimia 35 na kusahau zile dola 200. Mchele ukiwa ghali duniani, tuseme dola 600 kwa tani, asilimia 35 ni dola 210, kwa hiyo hiyo ndiyo inayotozwa. Ukishuka hadi dola 400, asilimia 35 ingekuwa dola 140, lakini sheria hudai 200, yaani nusu nzima ya thamani. Ushuru wetu basi huwa mzito zaidi, kwa kulinganisha, wakati ambapo dunia inauza kwa bei rahisi. Ndiyo sababu bei iliposhuka duniani baada ya India kufungua mlango mwishoni mwa Septemba 2024, unafuu ule ulifika katika daftari letu umechoka. Dola 200 kwa tani, kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, ambacho shilingi yetu ilikuwa imekirudia kutoka ile 160, ni shilingi 26 kwa kila kilo.

Ningeweza kuishia hapo na kudai ushuru ufutwe, kama si shangazi yangu.

Shangazi analima mpunga katika skimu ya umwagiliaji ya Ahero, mwendo wa kilomita 25 hivi kutoka hapa. Skimu hiyo ilianzishwa katika miaka ya 1960, na tofauti yake na Mwea ni kwamba Mwea maji huteremka yenyewe kutoka mitoni, ilhali Ahero ni lazima yavutwe kwa pampu kutoka Mto Nyando. Kule West Kano maji hutolewa ziwani kwa pampu, na yakishamaliza kazi shambani hurudishwa ziwani kwa pampu tena. Kwa hiyo mpunga wetu huanza maisha na bili ya umeme kabla hata ya mbegu kuota. Kisha huja vibarua wa kupandikiza, mbolea, wa kupalilia na wa kuwafukuza ndege. Mapema mwaka 2023 kwelea kwelea waliyavamia mashamba ya kaunti yetu kwa makundi makubwa, na shangazi alishinda shambani akipiga debe kuanzia alfajiri hadi giza.

Akivuna, anadaiwa. Mwenye mbolea anamdai, mwenye trekta anamdai, na ada ya maji haisubiri. Hana ghala wala turubai za kutosha kuanika, kwa hiyo huuza mpunga kando ya shamba ungali na unyevu, mara nyingi kwa wanunuzi wanaokuja na malori kutoka Uganda, wanaolipa papo hapo. Mpunga huo huvuka Busia kwenda kukobolewa upande wa pili. Nimewahi kusimama naye tukitazama lori likiondoka, huku kwenye mkoba wangu nikiwa nimembebea kama zawadi kilo mbili za mchele uliotoka Karachi kwa meli. Alicheka kuliko mimi.

Sasa turudi kwenye zile shilingi 26. Mwishoni mwa Julai 2025 serikali ilitangaza kwamba tani 500,000 za mchele mweupe zingeingizwa bila ushuru hadi mwisho wa Desemba mwaka huo. Wakulima walilalamika kwamba maghala yao bado yalikuwa na mpunga, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Kerugoya, na utekelezaji ukasimamishwa kwa muda. Sitaki kuhukumu kesi. Nilichofanya mimi ni kufungua ukurasa wa nyuma wa daftari na kupiga hesabu mbili.

Hesabu ya kwanza ni ya nyumba yangu. Tunakula kama kilo 10 kwa mwezi. Ikiwa msamaha wa ushuru utanifikia wote bila mtu yeyote kuung'ata njiani, kuanzia mwenye meli hadi mwenye duka, nitaokoa shilingi 260 kwa mwezi. Si haba, hasa kwa wale wanachama wawili walioondoa majina yao.

Hesabu ya pili ni ya shangazi. Kilo 100 za mpunga hutoa kilo 60 na kidogo za mchele, kwa hiyo shilingi 26 kwa kilo ya mchele ni kama shilingi 16 kwa kilo ya mpunga. Ekari moja ikitoa magunia 20 ya kilo 100, punguzo hilo likimwangukia lote ni shilingi 32,000 kwa msimu mmoja, na gharama ya pampu haitakuwa imepungua hata kidogo. Kwangu, kujaza pengo hilo la ekari moja kungechukua miaka kumi ya kuokoa 260 kila mwezi.

Najua hesabu yangu ina upande. Wanunuzi wa mchele Kisumu na Nairobi ni wengi mno kuliko wakulima wa Ahero, na sehemu kubwa ya mchele tunaokula nchini hutoka nje, kwa hiyo ushuru wa kudumu ni kodi inayomlemea zaidi maskini wa mjini. Ninalipinga pia lile wazo la kuufunga mpaka na kungoja Mwea na Kano zitulishe sote, kwa kuwa watoto hawangoji. Linaloniudhi ni wakati. Tangazo la msamaha hutolewa kwa ghafla, na madalali hulisikia kabla ya mkulima. Siku ile ile mnunuzi alimpigia shangazi simu kumwambia kwamba bei ya mwezi uliopita haipo tena, ilhali kibandani kwetu mchele ulikaa kwa bei ile ile wiki baada ya wiki, na mwenye kibanda akieleza kwa upole kwamba bado anauza mzigo wa zamani. Bei ikipanda huwa haelezi hivyo.

Kama ningeulizwa, ningeomba kalenda: miezi ya uagizaji nafuu ijulikane mwanzoni mwa mwaka, na isigongane na mavuno ya Ahero, West Kano na Bunyala. Ningeomba pia kile kiwango cha chini cha dola 200 kitazamwe upya bei ya dunia inaposhuka. Na kabla ya yote hayo ningeomba sakafu ya kuanikia na ghala karibu na mashamba, ili mkulima apate wiki sita za kungoja badala ya siku mbili. Mchele wa Tanzania unaopitia mpaka wa Isebania hauna ushuru, na bado wakulima wa kwao wanapata chochote. Sidhani mgeni ni mshindani wetu mkubwa kuliko ule unyevu kwenye magunia.

Mwezi uliopita nilipeleka pendekezo katika chama kwamba tununue mpunga moja kwa moja kwa shangazi, tukodi pikipiki ya mizigo hadi mashine ya kukoboa, tugawane mchele. Mjadala ulikuwa mkali. Mmoja alisema mchele wa Ahero hushikana ukipikwa, mwingine akasema hujui kuupika wewe, wa tatu akauliza nani atabeba hasara kinu kikitoa chenga nyingi. Tulipiga kura: saba wakakubali, watano wakakataa, na wale wawili walioondoa majina wakauliza kama wanaweza kulipa kwa awamu. Nimewaandika kwa penseli. Magunia matatu yako kwa shangazi, yameanikwa uani juu ya mapazia yangu ya zamani, na Jumamosi nakwenda na mizani.