Kushusha mchanga na mawe mteremkoni: kumbukumbu ya bustani yangu, Lushoto

Hatimaye toroli lililojaa mchanga linashuka kutoka barabarani hadi tuta la tatu bila mtu kushindana nalo. Kwa muda mrefu jambo hili moja ndilo lililokuwa limekwamisha kazi nyingine zote za bustani, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu na kupita haraka habari za kupanga mawe na kuchanganya udongo, ambazo kila mwenye bustani ya milimani anazifahamu.

Kiwanja changu kiko upande wa chini wa barabara, kwenye mwinamo unaoshuka mita 1 kwa kila mita 3 za kwenda mbele. Lori humwaga mchanga, kokoto na mawe ya ukuta juu kabisa, na kila kitu kinahitajika chini, kwenye matuta ambayo kingo zake zimeshikwa na majani ya Guatemala. Watu wa tambarare hudhani kwamba mwenye mzigo juu na kazi chini amebahatika, kwa kuwa mzigo utajipeleka wenyewe. Ni kweli kwamba unajipeleka, na hapo ndipo taabu yote ilipo.

Debe la lita 20 lililojaa mchanga mkavu lina uzito wa kilo 32 hivi, na mchanga uliolowa huzidi hapo. Toroli la kawaida hubeba madebe matatu, yaani karibu kilo 100, na ukiongeza uzito wa toroli lenyewe unafika kilo 120. Kwenye mwinamo kama wangu karibu theluthi ya uzito huo huvuta kuelekea chini, kwa hiyo aliyeshika mishikio anakokotwa kwa nguvu ya kilo 38, zaidi ya debe zima la mchanga, huku visigino vyake vikitafuta pa kukanyaga kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi. Udongo huo ukiwa mkavu unashika, lakini ukipata manyunyu kidogo tu unateleza. Mita moja ya ujazo ya mchanga ni madebe 50, na hakuna mikono inayoweza kuzuia mvuto huo safari zote hizo bila kuachia hata mara moja.

Njia ya kupindapinda ilipunguza mwinamo vizuri, lakini ilikata matuta, na mvua ya kwanza iliigeuza kuwa mfereji, nikaifukia. Karai la kichwani linafaa kwa samadi na kwa kokoto chache, halifai kwa mawe ya ukuta. Kuwaweka vijana wawili juu wakiiachia kamba kidogo kidogo kulifaa kwenye ardhi kavu, lakini ardhi ilipolowa miguu yao iliteleza, na toroli likashuka nao.

Jawabu lilitoka kwa jirani, mzee aliyetumia ujana wake katika majahazi ya Tanga na Pemba kabla ya kuhamia huku milimani. Alitutazama tukivutana na kamba, akasema, “Mwanangu, baharini hatushindani na tanga kwa mikono mitupu. Izungushie mti hiyo kamba, mti ndio ukushikie.” Nikamjibu, “Nimekusikia, mzee,” na jioni ile ile nikaanza kukitazama upya kisiki cha mgrevilea kilicho hatua chache kutoka kwenye lundo la mchanga, ambacho nilikuwa nimepanga kuking'oa.

Mizizi ya kisiki hicho bado imeshika imara. Nilikiambua gome, nikakilainisha kwa patasi na msasa, kwa sababu gome huing'ata kamba kisha huiachia ghafla, na mshtuko wa namna hiyo ndio unaopindua toroli. Kanuni inayotawala jambo hili, ambayo huhusishwa na mwanahisabati Leonhard Euler, inaonyesha kwamba msaada wa kila mzunguko wa kamba haujumlishwi na wa mzunguko uliotangulia, bali unazidishwa nao. Ikiwa kipimo cha msuguano kati ya kamba na mti ni 0.3, mzunguko mmoja kamili hupunguza mvuto hadi karibu sehemu moja ya sita na nusu, na mizunguko miwili huupunguza hadi sehemu moja ya 43. Kwa hesabu hiyo, kilo 38 zinazoshuka na mchanga zinabaki chini ya 6 mkononi kwa mzunguko mmoja, na chini ya 1 kwa miwili. Mizunguko inapokuwa miwili, kamba hukaribia kutoteleza yenyewe na inabidi uisukumie mti kwa mkono, ndiyo sababu ninaiweka kwa mawe makubwa tu, na kwa mchanga ninatumia mmoja na nusu. Sasa mtu mmoja anasimamisha mzigo popote anapotaka kwa kukaza vidole. Kamba haizungushwi kiganjani hata mara moja, na hakuna anayeruhusiwa kusimama upande wa chini wa mzigo.

Kisiki peke yake hakikumaliza tatizo, kwa sababu mahali pa kuifunga kamba kwenye toroli palinisumbua kuliko kisiki chenyewe. Ilipofungwa chini, karibu na ekseli, toroli lilielekea kupinduka kwa mbele, maana mzigo uko juu ya gurudumu na kwenye mwinamo unaegemea huko huko. Ilipofungwa juu, kwenye ncha za mishikio, kamba iliiinamisha mishikio na miguu ya toroli ikawa inalima ardhi. Mahali panapofaa ni usawa wa katikati ya mzigo, karibu na ukingo wa nyuma wa beseni, na kamba lazima igawanyike mikono miwili, mmoja kwenye fremu ya kushoto na mwingine kwenye fremu ya kulia, la sivyo toroli linazunguka juu ya gurudumu lake moja kama pia ya watoto na kutoka njiani. Nilipopata urefu sawa wa mikono hiyo miwili, aliyeshika mishikio akawa na kazi ya kuelekeza tu. Nimeshusha kokoto kwa namna hiyo wakati wa manyunyu, na nafurahi kusema kwamba toroli halikuyumba.

Kuhusu kamba, mimi ni mtu wa katani na sioni sababu ya kubadili. Kamba ya plastiki, ile ambayo madukani huitwa manila, ni imara na haiozi, lakini inateleza mno kwenye mti uliolainishwa, na inaposuguliwa chini ya mzigo hupata moto na kuanza kuyeyuka juu juu. Katani inashika kwa utulivu, haiyeyuki, na ukiisikiliza inakuambia kwa mlio kwamba mvuto umezidi. Zao hilo lililetwa nchini mwaka 1893, na mashamba yake unayaona ukishuka hadi Mombo na kuelekea Korogwe, kwa hiyo hata bei yake si tatizo kwetu. Sharti lake ni moja, nalo ni kuianika kila jioni na kuikagua nyuzi kwa nyuzi, kwa kuwa katani inayolala na unyevu huoza ndani kabla ya nje kuonyesha dalili.

Gurudumu nalo lilihitaji barabara yake. Tairi jembamba lenye mzigo wa kilo 120 huchimba mfinyanzi, na kila safari inayofuata huongeza kina cha mtaro. Nimelaza mbao za mkaratusi zenye upana wa sentimita 20, nikapigilia fito pembeni ili gurudumu lisitoke, na anayeelekeza anakanyaga ngazi za udongo zilizochongwa kandoni, si juu ya mbao, ambazo zikilowa ni hatari. Tairi la upepo ninalipendelea kuliko la mpira mtupu, ingawa miiba inalisumbua, kwa sababu upepo ukipunguzwa kidogo tairi hutandaa na kuzama kwa shida.

Matoroli tunayouziwa yamewekewa gurudumu mbele kabisa, kwa hiyo sehemu ya uzito hubebwa na mikono. Wachina wa zamani walitengeneza toroli lenye gurudumu kubwa katikati, mzigo ukakaa juu yake na mikono ikabaki ya kusawazisha tu. Kwenye tambarare ninajaribu kuiga faida hiyo kwa kusogeza mawe mbele ya beseni, na kwenye mteremko ninafanya kinyume, nayarudisha nyuma ili lisipinduke.

Mawe yasiyoingia kwenye toroli yanashuka kwa sleji, yaani chombo cha kukokotwa kisicho na magurudumu, niliyoitengeneza kwa tawi lenye panda, kwa kamba na kisiki kile kile, lakini juu ya udongo wenyewe, si juu ya mbao. Udongo ukiwa mkavu kabisa sleji hukwama, nami nainyunyizia njia maji kidogo. Mchoro wa kaburi la Djehutihotep nchini Misri, wa miaka karibu 3,900 iliyopita, unaonyesha mtu akimwaga maji mbele ya sleji iliyobeba sanamu kubwa, na mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walionyesha kwamba mchanga uliolowa kwa kiasi sahihi hupunguza nguvu ya kuvuta kwa karibu nusu. Mfinyanzi wetu si mchanga wa jangwani, kwa hiyo ninatumia kopo, si ndoo, maana ukizidisha maji sleji inakimbia.

Kazi iliyokuwa ifuate ni kuchonga mawe ya ngazi za kudumu, lakini nimeiahirisha, kwa sababu kuna jambo jipya linaloninyima usingizi. Udongo mweusi ulioteremshwa na mvua za miaka mingi umejikusanya chini kabisa ya kiwanja, na tuta la juu linauhitaji sana. Mchanga unaposhuka una nguvu ya kilo 38 ambayo kwa sasa tunaipoteza yote kwenye kisiki. Toroli la pili likiwa na madebe mawili ya udongo huo lina uzito wa kilo 68 hivi na linahitaji kilo 22 tu kulipandisha, kwa hiyo linalokwenda chini linaweza kulivuta linalokuja juu, na baki ikatosha kushinda msuguano. Nimejaribu kwa debe moja, na limepanda.

Kisiki hakifai kwa kazi hiyo kwa sababu kinazuia kamba, na hapa kamba inapaswa kukimbia. Mzee amenipa kapi la mbao lililotoka kwenye jahazi, lenye mfuo mpana wa kutosha katani yangu. Kapi hilo litabeba jumla ya mvuto wa pande zote mbili, yaani kilo 60 na zaidi kila toroli linaposhtuka, na kwa hiyo nimezika nguzo ya mkaratusi mita 1 ardhini, nikaiinamisha kuelekea barabarani na kuishindilia kwa kokoto. Njia ya pili ya mbao inalazwa kando ya ile ya kwanza kwa nafasi ya mita 1.2 ili matoroli yapishane bila kugusana, na kamba ya breki inabaki kwenye kisiki, imefungwa kwenye toroli linaloshuka.