Rejista yangu ilivyofuata mwezi

Nafundisha Hisabati katika shule ya msingi ya serikali hapa Kigoma, si mbali na mwalo wa Kibirizi. Mwaka ninaousimulia darasa langu la tano lilikuwa na watoto 104, dawati moja wanne. Ungeniuliza nani ana kipaji, ningekutajia bila kusita wale watatu wa juu kwenye matokeo: mwandiko mzuri, Kiswahili kimenyooka, mkono hewani muda wote. Binti ninayetaka kumsimulia alikuwa wa 61. Mtoro, daftari lina madoa, na nyumbani kwao ni Kiha kuanzia asubuhi mpaka usiku.

Siku moja niliandika ubaoni swali la faida na hasara. Mama amenunua sado 4 za dagaa, akauza kila sado kwa bei fulani, je, alipata faida kiasi gani? Wenzake wakazidisha, wakatoa, wakaleta madaftari. Yeye hakuandika kitu. Nikamwendea nikiwa na maneno makali mdomoni. Akasimama.

"Mwalimu, alinunua wabichi au wakavu?"

Nikamwambia swali halijasema.

"Basi halina jibu," akasema taratibu huku macho yakiwa kwenye dawati. "Kama ni wabichi, akianika hapati tena sado nne. Na mvua ikinyesha siku hiyo, ndiyo kabisa."

Darasa zima likacheka. Mimi nilirudi ubaoni nikalitazama lile swali, ambalo nimelifundisha miaka mingi, nikaona mtoto ana haki. Wengine 103 walikuwa wamekokotoa tarakimu. Yeye alikuwa amekokotoa dagaa.

Jioni nilifungua rejista ya mahudhurio. Utoro wake haukutawanyika ovyo kama wa mtoto mvivu. Ulikuwa umerundikana: wiki mbili hivi za mapengo, kisha siku kadhaa mfululizo yupo, kisha mapengo tena. Nikamwonyesha mwalimu mwenzangu aliyezaliwa Ujiji. Hakuhitaji hata dakika moja. "Hizi ni siku za giza," akasema.

Kwa asiyelijua ziwa letu: dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki, wavuvi wanapumzika. Giza likirudi mitumbwi inatoka jioni na kurudi alfajiri, na dagaa wakishuka mwaloni hawasubiri mtu, lazima waanikwe jua linapochomoza. Bibi yake, anayemlea, ni mwanikaji. Mikono ya pili pale kwenye kichanja ni ya huyu mjukuu. Nikarudi kwenye tarehe za mitihani yetu ya mwaka ule, na yote miwili iliangukia gizani. Ile nafasi ya 61 ilikuwa imepima mwezi, haikumpima mtoto.

Jambo hili liliniuma, nikaanza kusoma. Mwaka 1921 huko Marekani, mwanasaikolojia Lewis Terman alianza kufuatilia watoto zaidi ya 1,500 waliopata alama za juu sana kwenye kipimo chake cha akili. Miongoni mwa waliopimwa wakaachwa kwa kutofikisha alama ni William Shockley na Luis Alvarez, na wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kama chujio la mtaalamu liliwaacha hao, la kwangu lenye mitihani miwili tu limeacha wangapi? Joseph Renzulli naye, mtaalamu wa elimu wa Marekani, mwaka 1978 aliandika kwamba kipawa ni mambo matatu yanayokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na kushikilia kazi mpaka iishe. Hayo mawili ya mwisho hayana safu kwenye karatasi yetu ya matokeo.

Nilianza vibaya. Nilimpa maswali 30 ya ziada, ya aina ileile aliyokwisha kuiweza. Siku ya kwanza alimaliza yote, ya pili akafanya nusu, ya tatu akasema daftari limepotea. Wenzake walidhani ameadhibiwa, na ukweli ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa namwadhibu kwa kujua.

Nikabadilisha. Nikampa kazi moja tu, isiyo na jibu nyuma ya kitabu: kila mwezi unapoandama andika tarehe, halafu uniambie kuna siku ngapi kati ya mwandamo na mwandamo. Alishika kazi ile miezi minne. Ukurasa ninao mpaka leo: 30, 29, 30, 29, na pembeni ya mwandamo mmoja alama ya kuuliza na maneno "mawingu, sikuuona, kaka wa mtumbwini aliuona". Chini yake amejumlisha 59 akagawa kwa mbili. Siku 29 na nusu. Hakuna aliyemwonyesha. Nilipomwambia kwamba ndivyo wanavyosema hata wataalamu wa anga, alinyamaza kidogo akauliza, "Sasa ile nusu inakwenda wapi?" Tulikaa na swali hilo hadi kengele ya mwisho.

Kwa bibi nilikwenda siku za mbalamwezi, maana gizani ningemsumbua bure. Nilimwamkia, akanipa kigoda, nikamweleza. Alisikiliza kisha akasema, "Mwalimu, huyu ananihesabia tangu ana miaka sita. Mimi najua. Nilidhani shuleni hamhitaji." Sentensi hiyo sijaisahau. Nilimweleza kuna shule za sekondari za vipaji maalumu, kwamba Tabora Wasichana ni mojawapo, na kwamba treni ya hapa Kigoma inapita Tabora. Tukakubaliana: siku za giza anaanika kwanza, anaingia darasani baadaye kidogo, wala hasimamishwi mlangoni. Mwalimu mkuu alisita, akihofia kila mtoto ataomba hivyo, lakini nilipoweka rejista na ule ukurasa wa mwezi mezani kwake, alikubali. Pia tulipanga vipindi vyake vitatu vya Hisabati kwa wiki akakae na darasa la sita.

Sikutaka kuishia kwake. Niliwagawia watoto vipande vya karatasi: ukikwama nyumbani, unamfuata nani? Jina moja lilijirudia mara kumi na moja, la mvulana ambaye hata 80 bora hayumo. Anatengeneza redio na taa za sola za wavuvi. Maswali ya kuandika humshinda, lakini ukimsomea kwa sauti anajibu. Huyo bado tunahangaika naye, na nafikiri tatizo ni kusoma, si kufikiri.

Binti sasa yuko darasa la saba. Mwanzoni mwa mwaka alikuja ofisini na daftari lake, amehesabu mbele kwa siku 29 na nusu mpaka Septemba. "Mwalimu, mtihani wa taifa utakuwa gizani," akasema. Bibi ameshazungumza na mdogo wake wa Katonga, atakuja kuanika siku hizo mbili za mtihani.